Majuma Tisa Kwenye Kokoto

Jumapili, 6 Aprili

Soko la Midi, hapa Brussels, saa mbili asubuhi, kama kawaida. Mnanaa, zeituni, kuku wawili. Kuku nikawatia kwenye friji, nikavaa vile vikinga magoti, nikaenda machimboni. Hii ni Jumapili ya tatu. Nimeanguka mara mbili. Jumapili ya kwanza nilianguka mara tano, kwa hiyo haya ni maendeleo, ingawa goti langu halioni hivyo.

Kwenye lami sina wasiwasi. Mwaka wa pili sasa naendesha pikipiki kutoka Anderlecht mpaka kazini Jette. Mvua, reli za tramu, yale mawe ya barabarani yanayotingisha meno. Sijawahi kuiangusha. Nikikanyaga kokoto nageuka mtu mwingine kabisa, na mtu huyo simpendi.

Machimbo yenyewe yalikuwa ya mchanga, yalifungwa zamani, nusu saa kusini mwa mji. Mwenye ardhi ni mteja wa Tonton Ferdinand. Tonton, yaani mjomba wa kila mtu, ni fundi pikipiki, Mkongo wa Uvira, miaka sitini na kitu. Ujana wake aliumalizia milimani akibeba dawa za parokia. Ananifundisha akiwa amesimama, mikono mfukoni. Yeye hapandi. Anasema akipanda nitamtazama yeye badala ya kutazama njia.

Mtihani wa kuendesha kwenye kokoto ni tarehe mosi Juni. Majuma manane. Nitafaulu, wapende wasipende.

Jumatatu, 7 Aprili

Zamu ya asubuhi. Mimi ni nesi katika nyumba ya masista wazee. Chumba cha mwisho ni cha Masœur Agnes, miaka themanini na minne, Mbelgiji Mflemi, mtoto wa wakulima, ameishi Kivu zaidi ya nusu ya maisha yake. Naye alikuwa nesi. Alizunguka kwa pikipiki akichanja watoto, gauni la kitawa amelifunga kwa mpira wa tairi. Kiswahili chake ni cha Bukavu mtupu. Wenzangu wakimsikia anaongea nami wanadhani ananigombeza. Mara nyingi ni kweli.

Leo ameniona nachechemea kabla sijafungua pazia.

"Ulianguka mara ngapi?"

"Deux, masœur."

"Bon. Upande gani?"

Nikamwambia wa kulia, mara zote mbili. Akafumba macho, akafikiri sana. Nikasubiri somo. Akasema nimletee chai kwenye kikombe cha udongo, maana kile cha plastiki kinanuka hospitali.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekula kwa kaka Issa. Nimetoka huko nimevimba kwa hasira.

Issa ni dereva wa tramu mwaka wa kumi na tisa huu. Nilimwambia hajawahi kukata kona ambayo haikuwekewa reli kwanza. Hakucheka. Anasema mwanamke wa miaka arobaini na saba kurukaruka na pikipiki mashimoni ni kutafuta maneno ya watu. Anasema kama ni uuguzi, Jette kuna hospitali kubwa na wagonjwa tele, wala hawahitaji kufuatwa milimani. Anasema atakuja kunipokea kwenye sanduku.

Niandike hapa mara moja, niachane nalo. Tulipokimbia Bujumbura tulifikia kwa ndugu wa mama, kijijini, juu ya milima ya Kigoma. Ndipo niliposomea Kiswahili cha vitabu. Mwaka uliofuata mama akashikwa na uchungu wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Issa akatumwa zahanati. Alikimbia njia nzima. Alimkuta nesi yupo. Pikipiki ipo, imeegemezwa ukutani, ina mafuta. Dereva ndiye hakuwepo, alikuwa amekwenda harusini. Nesi hakujua kuendesha. Wakaja kwa miguu, yeye na Issa, na walipofika ilikuwa imeshakwisha. Mama na mtoto, wote wawili.

Issa hataki kulizungumza hili. Mimi nataka.

Na sasa shirika letu dogo la hapa Brussels, linalosaidia zahanati za kule kule, linatafuta nesi wa kwenda miezi sita. Vijiji vinne, njia za udongo na kokoto, nesi aendeshe mwenyewe. Likizo nimeshapewa. Imebaki kufaulu mtihani wa kuendesha, basi.

Jumapili, 13 Aprili

Mara nne. Bega la kulia.

Tonton, kuhusu usukani: "Maman Hadija, unakamata guidon sawa vile muntu anakamata mwizi."

Kuna mtu na mkewe hupita kule na mbwa wao. Leo walisimama kutazama. Hata mbwa alikaa chini atazame. Nimerudi nyumbani nikaunguza wali.

Jumatano, 16 Aprili

Somo nimepata hatimaye, nikiwa nampaka Masœur mafuta ya miguu. Usikae, simama juu ya vikanyagio. Magoti yabane tangi. Mikono iwe milegevu. Macho yatazame mbali. Kokoto zitalichezesha gurudumu la mbele. "Uliache licheze," akasema. "Ni kazi yake."

Nikamwambia nayajua hayo yote, Tonton ameshasema. Akaniambia nishike kile kigari chake cha kutembelea, yeye akashika upande wa pili akaanza kukitikisa. Nikakibana. Kikatulia tuli.

"Unaona? Weye hupendi kintu kitikisike."

Kweli sipendi. Miaka ishirini kazi yangu ni kuzuia watu wasitikisike. Mikono yangu imezoea kudaka. Nimeudhika, kwa sababu amenipata.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka yao, mapumziko ya wote. Tonton alinifungulia machimbo. Afadhali asingefungua.

Mteremko mrefu, gia ya kwanza. Katikati gurudumu la mbele likaanza kucheza. Nikalibana. Likacheza zaidi. Nikavuta breki ya mbele, kitu ambacho nimekatazwa na kila mtu mwenye ulimi. Pikipiki ikaniponyoka. Nikatua kwa mkono wa kulia. Kioo kimevunjika. Kifundo cha mkono kimevimba.

Tonton aliniwekea barafu ya kwenye kisanduku chake cha soda. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema taratibu, "Peut-être, labda mwaka ujao, maman. Haiko haya."

Haya ipo. Mwakani likizo sitapewa tena. Na mwakani kule milimani watakuwa wamepata mwingine, au hawatakuwa na mtu.

Jumatano, 23 Aprili

Mfupa ni mzima. Mpaka mwisho wa mwezi bila kuinua kitu. Kazini wamenipa kupanga dawa na makaratasi, nikae dawatini kama karani.

Nimelia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Dakika tano kwa saa ya ukutani. Nikanawa uso, nikatoka.

Issa amepiga simu. Hakusema "nilikuambia". Aliuliza kama nimekula. Nilikata simu kabla sijamjibu vibaya.

Ijumaa, 2 Mei

Limetokea jambo, naliandika lote.

Nimerudi kwenye wagonjwa leo. Masœur alitoka kanisani bila kigari chake, kiburi tu. Mimi nipo pembeni yake kwenye ukumbi mrefu. Magoti yakamwishia nguvu.

Juma la kwanza la mafunzo ya unesi tulifundishwa hivi: mzee akianza kuanguka usimdake, usimvute juu. Ukishindana na uzito wake mtaanguka wote, na mgongo wako utaumia. Msogelee. Tanguliza paja. Mwache ateleze juu ya mguu wako mpaka sakafuni, nawe linda kichwa tu. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Leo nikafanya bila kufikiri. Akateremka polepole, akakaa chini, kitambaa chake cha kichwa hakijasogea hata kidogo.

Nilikuwa nafungua mdomo nimuulize anaumia wapi. Akanitazama kutoka kule chini.

"Na moto, juu ya nini haufanye vile?"

Moto, kwa watu wa Bukavu, ni pikipiki. Nikakaa naye sakafuni. Tulikaa pale mpaka mwenzangu akaja na kiti cha magurudumu akatukuta wawili tumenyoosha miguu kama watoto wa chekechea. Kwenye ripoti nimeandika: ameteremshwa salama, hana jeraha. Mengine sikuandika.

Jumapili, 4 Mei

Tonton alinikaribisha kama mtu anayemkaribisha mgeni wa msiba. Akapunguza upepo kwenye matairi. Nikapanda.

Mteremko ule ule. Kokoto zikaanza kuongea chini yangu. Usukani ukaenda kushoto, ukaenda kulia. Nikajiambia: huyu ni bibi anateremka, usimdake. Nikalegeza vidole. Nikaegemeza magoti kwenye tangi kama ninavyotanguliza paja, nikawa nalinda uelekeo tu, macho kwenye miti ya kule chini. Pikipiki ikacheza, ikacheza, ikafika. Nami nikafika juu yake.

Nikarudi juu nikashuka tena. Mara kumi na mbili. Sikuanguka hata mara moja. Mara ya saba Tonton alitoa mikono mfukoni. Mara ya tisa aliuliza nani amenifundisha. Nikamwambia sista wa miaka themanini na minne, akiwa amekaa sakafuni. Akafikiri nazubaa kwa njaa, akanipa ndizi.

Nimejivuna mpaka nikajionea aibu, kisha nikaendelea kujivuna.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Matope juu, kokoto chini. Nimepita kote. Nimekata kona kwa kona nikiimba nyimbo za harusi ndani ya helmeti.

Yule mtu na mkewe walikuwepo na mbwa wao. Nikawapungia mkono. Mkono mmoja tu kwenye usukani, tena kwenye matope. Nikaenda kukaa kwenye dimbwi kama niliyealikwa. Walinipigia makofi, na nimeyapokea.

Jumanne, 13 Mei

Barua pepe ya shirika. Wameongeza kitu kwenye mtihani: abiria. Tena akae kama akina mama wa kule wanavyokaa, upande, miguu yote miwili kushoto, kanga kiunoni. Nipande mlima naye, nisimame katikati, niondoke tena, nishuke.

Wana haki. Mjamzito huwezi kumwambia apanue miguu akae kama mwanamashindano. Lakini sijawahi kubeba hata gunia la viazi kwenye kokoto. Na uzito wote uko upande mmoja.

Tonton amejitolea kukaa nyuma tujifunze. Nikamweleza Issa kwenye simu, mdomo ukinitangulia kama kawaida.

Jumatano, 14 Mei

Issa mlangoni kwangu, na sare ya kazi. Hakukaa.

"Huyo Tonton ni nani kwetu? Mtu baki akushike kiuno? Bora nivunjike mimi."

Nikamwambia basi njoo wewe.

Akatazama kabati langu la vyombo muda mrefu kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Halafu akauliza Jumapili aje saa ngapi.

Jumapili, 18 Mei

Kama kuna siku nitacheka peke yangu uzeeni, itakuwa ni kwa ajili ya leo.

Kaka yangu, miaka hamsini na nane, kilo tisini na kitu, amefungwa kanga yangu ya buluu juu ya suruali, amekaa upande nyuma yangu kama bibi anayepelekwa kliniki. Tonton ndiye aliyemfunga. Kwa adabu kubwa, bila kutabasamu. Waliitana "mon frère" na "papa" muda wote, nami nikijua kila mmoja anampima mwenzake.

Issa hajui kuinama na kona. Tramu haiinami. Nikienda kulia yeye anabaki wima kama nguzo. Na ule uzito wa kushoto unavuta nyuma ya pikipiki pembeni, kila kokoto inauliza swali. Mzunguko wa pili tukaanguka, polepole. Yeye aliteleza akasimama kwa miguu yake, kanga imenyooka. Chini nilikuwa mimi peke yangu.

Alisoma dua mzunguko wa kwanza wote. Wa tatu akasema "punguza". Wa nne akasema "punguza". Wa sita hakusema kitu. Siri ni kuhamishia makalio yangu kulia kidogo, nimsawazishe, kisha nisahau kwamba yupo. Mgumu kusahaulika, Issa. Tumefanya mizunguko minane.

Jumapili, 25 Mei

Nimemkuta ameshafika. Kwa basi, mwenyewe. Amenunua glavu.

Leo amenikosoa breki. Anasema nasimamisha kama mtu anayefunga mlango kwa teke. Kwenye tramu, anasema, nyuma yako kuna mama amesimama, mtoto mkononi, mfuko mkononi, hajashika popote. Anza mapema. Bana kidogo kidogo. Na kabla haijasimama kabisa, achia, imalizie yenyewe. Nilitaka kubishana naye. Nikajaribu kwanza, breki ya nyuma, gia ndogo. Hakuna mtikisiko. Tonton akamwomba arudie maelezo, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Voilà muntu anajua." Issa akawa mrefu ghafla.

Tumerudi mjini pamoja kwa pikipiki yangu, safari hii amekaa kawaida. Kwenye taa nyekundu karibu na Midi akasema nyuma ya helmeti yangu:

"Mama angekaa vile vile. Upande."

Taa ikawa kijani. Sikugeuka. Nikaendesha mpaka kwake, akashuka, akanirudishia kanga ikiwa imekunjwa.

Jumamosi, 31 Mei

Mtihani kesho.

Masœur aliomba ruhusa kuja. Daktari amemkatalia. Amesusa uji wa asubuhi, chakula cha mchana na kuongea Kifaransa. Amesema ataniombea. Nikamwambia nami nitajiombea kwangu. Akasema ni vizuri, twende kwa milango miwili.

Nguo nimeshazitoa. Nimeangalia upepo wa matairi mara tatu. Nalala.

Jumapili, 1 Juni

Nimefika mapema kuliko wote. Nikaenda kuutazama mteremko. Juma hili mwenye ardhi ameshusha kokoto mpya. Kina kirefu, nyeupe, hazijakanyagwa na mtu. Tonton hakujua. Aliniomba radhi kama aliyezimwaga yeye.

Wasimamizi wawili. Mzee Mbelgiji mwenye makaratasi kwenye ubao, hasemi. Na Dada Rehema, katibu wa shirika, Mtanzania wa Morogoro, kijana mnene mchangamfu. Yeye ndiye abiria. Alishajifunga kanga, amekumbatia kisanduku cha chanjo kitupu.

"Dada, mimi naogopa, seriously," akasema. "Please usinirushe."

Nikamwambia aangalie miti, asiangalie chini.

Kupanda kulikwenda. Nikasimama katikati kama walivyotaka. Kuondoka sasa. Nikaachia klachi, gurudumu la nyuma likachimba, likatema kokoto, halikwenda popote. Nilimsikia Rehema akivuta pumzi. Injini ikazima. Hapo palikuwa pabaya. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nikawasha. Nikamwambia Rehema anisogelee mgongoni mpaka tuwe kitu kimoja. Nikafungua mafuta kwa uchache, kama ninavyodondosha dawa ya macho. Gurudumu likashika. Tukapanda.

Halafu kushuka. Kwenye zile mpya nyuma ilikwenda kushoto, kwa Rehema, kwa uzito wote. Ikazidi. Niliona kabisa tunavyolala. Rehema alinishika mabega yote mawili, kisanduku kikaniingia mbavuni. Sikugusa breki. Sikubana. Niliiacha iende inakokwenda nami nikaenda nayo, magoti tu, macho kwenye miti, na ikarudi. Yenyewe. Ikarudi katikati ya njia kama mtu aliyekumbuka kitu.

Chini nikasimamisha kwa breki ya Issa. Anza mapema, bana, achia. Rehema alibaki amefumba macho.

"Bado?" akauliza.

"Tumeshafika," nikamwambia.

Yule mzee aliandika muda mrefu. Akasema watanijulisha. Issa na Tonton walikuwa wamesimama pamoja, mikono wamefunga kifuani wote wawili, wakitikisa vichwa kama wakaguzi wa reli. Injini imenizimia mara moja. Sijui kama ni kosa kubwa. Najua tu kwamba ule mteremko niliushuka na mtu mgongoni, na hakuna wa kunipokonya hilo hata wakisema hapana.

Jumatano, 4 Juni

Bado hawajajibu.

Nimegawa dawa, nimefunga vidonda, nimeangalia simu chooni kama msichana wa shule. Masœur haniulizi. Nikifeli sitamtazama usoni. Wala Issa. Nitajua cha kufanya na pikipiki, nitaendelea kwenda nayo kazini. Lakini sitajua cha kufanya na ule ukuta wa zahanati, na ile pikipiki iliyoegemezwa.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Sala asubuhi, kisha kwa Issa, nyumba imejaa, mbuzi, pilau, viatu thelathini mlangoni. Ujumbe uliingia nikiwa nakata vitunguu vya kachumbari.

Nimefaulu.

Niliusoma mara nne. Injini kuzima wameiandika, na wameandika pia: "alitulia, akamtuliza abiria". Sikupiga kelele. Nilimpelekea Issa simu sebuleni. Aliisoma, akavaa miwani, akaisoma tena. Akasimama. Issa hasimami kuhutubia watu, hata kwenye harusi ya binti yake alimtuma mjomba. Leo alisimama akawaambia wote, pamoja na jirani wa chini Mreno aliyekuja kwa ajili ya pilau, kwamba dada yake ndiye dereva bora wa pikipiki katika Brussels nzima, na kwamba yeye anajua kwa sababu amekaa nyuma.

Haijathibitishwa. Sikumsahihisha.

Kisha akaenda jikoni peke yake. Nilimfuata. Alikuwa anaosha sinia ambalo lilikuwa safi. Nikachukua kitambaa nikalikausha.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda machimboni. Mvua nyepesi. Soko la Midi, mnanaa, nyanya. Nimefua.

Jana nilimpa Masœur habari. Alisema "bon", akaomba chai. Baadaye mpishi akaniambia chumba cha chakula kizima kimesikia kutoka kwake, kwa Kiflemi, kwa Kifaransa, na tena kwa Kiswahili ambacho hapo mezani hakuna anayekijua.

Mchana nimepigiwa simu kutoka zahanati. Mganga mfawidhi wa kule, mama mmoja mpole, sauti inakuja na kuondoka. Karibu sana mwanangu. Akauliza natua lini. Ninakula ugali wa muhogo? Nikamwambia nimekulia huo. Akafurahi. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

Akasema wamesafisha vyumba viwili nyuma ya zahanati, changu na cha dereva. Akaomba jina la dereva, ampelekee mwenyekiti wa kijiji.

Nikamwambia naendesha mwenyewe.

Akauliza kana kwamba hakusikia vizuri:

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Akasema basi kwenye kile chumba cha pili ataweka kitanda cha wajawazito, wawe wanasubiria hapo siku zao zikikaribia. Akauliza kama sina neno.

Nikamwambia aweke.